Mdudu wa akiba: umjue kwanza, mbele ya kutafuta dawa



Maharagi ya msimu B yameingia nyumbani, na swali ni lile lile la kila mwaka. Kwenye mikutano, hata mbele ya kuzungumza bei, mama mmoja atasimama: "Agronomu, maharagi niliyavuna mazima, nikayafunga mu mfuko, leo nafungua yako matundu matupu. Niyatie dawa gani?" Mimi sijibu kwa jina la dawa. Nauliza: "Mama, ulimwona mdudu mwenyewe? Anafanana namna gani?" Wengi wanashangaa. Kwao mdudu ni mdudu, na dawa ni dawa.

Hapo ndipo feza inapotelea. Vidudu vinavyokula akiba ndani ya nyumba zetu si aina moja. Kuna wa maharagi, kuna wa mahindi, kuna wa unga, kuna mmoja mbaya zaidi anayekula mahindi, muhogo mkavu na hata mbao. Kila mmoja ana tabia yake na mahali pake pa udhaifu. Kinachomaliza huyu kinaweza kumwacha yule anacheka. Lakini kuna sababu nyingine iliyonifanya nichukue kalamu, nayo ni nzito kuliko maharagi: mtu asiyejua mdudu wake anakimbilia vidonge vinavyouzwa sokoni kimoja kimoja, na vile vidonge vinaua watu. Nitavifikia chini. Tafadhali usome mpaka kule.

Vidudu viwili vya maharagi

Mwaga maharagi kidogo kwenye sahani nyeupe au kwenye karatasi, uyasogeze kando, uangalie kinachotembea. Ukiona kidudu cha milimita 3 au 4, rangi ya majivu iliyochanganyika na kahawia, mgongo hauko laini ila kama una manyoya madogo yenye madoa, na miguu inaelekea wekundu, huyo ndiye wa kwanza. Kwenye milima yetu yenye baridi, karibu kila nyumba ni huyo. Jina lake la vitabu ni Acanthoscelides. Wa pili ni mdogo kuliko yeye, milimita 2 na kidogo, mviringo zaidi, na jike lake lina alama nyeupe mgongoni. Anaitwa Zabrotes. Huyo anapenda joto, basi mmtafute zaidi kule bondeni na karibu na ziwa.

Kama macho hayatoshi kuwatofautisha, angalieni mayai. Wa baridi anayaacha mayai yake huru katikati ya maharagi, hayashikani na kitu. Ukitikisa, yanaanguka chini pamoja na vumbi. Wa joto anayabandika mayai juu ya ngozi ya haragi. Utaona vidoti vyeupe vilivyoshika kama gundi, ukikwangua kwa ukucha havitoki kwa urahisi. Kidudu cha kunde nacho kinabandika vile vile.

Tofauti hiyo ya mayai inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayosema ni kazi gani utafanya.

Sasa mjue jambo moja ambalo watu wengi hawaliamini. Kile kidudu unachokiona kinaruka ukifungua mfuko, hakili maharagi. Kinaishi wiki mbili hivi, kinaoana, kinataga, kinakufa. Anayekula ni mtoto wake, funza mweupe asiyeonekana, anayeishi ndani ya haragi tangu utoto mpaka anapokomaa. Karibu na kutoka anakula mpaka anabakiza ngozi nyembamba tu, na hapo unaona duara kama kidirisha kwenye haragi ambalo bado halina tundu. Haragi lenye kidirisha lina mtu ndani. Kwa hiyo mama anayetandika maharagi juani nusu saa, akaona vidudu vinakimbia, akafurahi na kurudisha mu mfuko, amefukuza wazazi na kurudisha watoto.

Kwenye joto, toka yai mpaka mdudu mzima ni wiki nne hadi tano. Kwenye baridi ya milimani inaweza kuchukua mara mbili. Tufanye hesabu ya karatasi kwa mtu wa bondeni. Jike moja linataga mayai kama 50. Tuseme nusu ni majike, 25. Kila moja likitaga 50 lake, unapata 1,250. Hiyo ni vizazi viwili tu, toka mwisho wa mwezi wa sita mpaka katikati ya mwezi wa tisa, siku ile unapotafuta mbegu ya kupanda. Si wote wanaokomaa, ndiyo. Lakini hukuanza na jike moja.

Na anaingilia wapi? Yule wa milimani anaanzia shambani. Maganda yakikauka na kupasuka kidogo, anataga ndani yake. Ndiyo maana maharagi yaliyochelewa shambani, au yaliyotundikwa na maganda yake ndani ya nyumba wiki tatu "tutapiga tukipata nafasi", yanafika mu mfuko tayari yana wageni. Vuneni yakikauka, mpige siku zile zile, mpepete, na vumbi lile la chini ya ungo mlichome au muwape kuku. Usilimwage nyuma ya nyumba.

Mbele ya kila kitu: je, yamekauka?

Hakuna njia hata moja nitakayoandika hapa inayofanya kazi juu ya mbegu mbichi. Ukifunga mbegu mbichi kwenye kitu kisichopitisha hewa, mdudu atakufa, ndiyo, lakini ukungu utachukua nafasi yake. Kwa mahindi na karanga ukungu mwingine unaleta aflatoksini, sumu inayoharibu maini, na moto wa jikoni hauimalizi.

Kuuma kwa jino ni kuzuri lakini meno ya watu hayalingani. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kavu kabisa. Tieni chumvi kavu vijiko viwili, kiisha mbegu mpaka theluthi ya chupa. Funga, tikisa dakika mbili au tatu, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye ukuta wa chupa, mbegu bado ni mbichi, iko juu ya asilimia 15 ya maji. Irudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini, iko karibu na kuhifadhiwa. Kwa akiba ya miezi mingi tunatafuta 13, basi hata chumvi ikianguka, ongeza siku moja ya jua.

Kuna jua la kukausha na kuna jua la kuua. La kuua linataka plastiki mbili. Tandika bashi nyeusi chini, mahali pasipo na kivuli, mwaga maharagi unene usiopita vidole viwili, funika kwa plastiki nyeupe inayopenyeza mwanga, kandokando yote uweke mawe hewa isitoke. Toka saa tano mpaka saa tisa ya mchana siku ya jua kali, joto ndani linaweza kupita digrii 55, na hilo kwa saa moja linaua mpaka funza aliye ndani ya haragi. Acheni yapoe kabisa mbele ya kuyafunga. Kwa mbegu ya kupanda, fanyeni hivyo tu kama tayari ilikuwa kavu, sababu mbegu yenye maji ikichemka ndani ya plastiki haioti tena. Siku ya mawingu msijidanganye: hiyo ni kukausha tu.

Kuzungusha bidoni

Hii njia watu wanaichekaka, mpaka waijaribu. Haihitaji franka hata moja.

Mtoto wa yule mdudu wa milimani akitoka kwenye yai anakuwa nje ya haragi. Lazima atoboe ngozi ngumu aingie. Kazi hiyo inamchukua karibu siku nzima, na hawezi kutoboa bila kujikaza kati ya haragi moja na jirani yake, kama mtu anavyopanda kati ya kuta mbili. Ukiyasogeza maharagi, anapoteza tundu alilolianza. Anaanza lingine. Ukiyasogeza tena, anaanza tena, mpaka nguvu zinamwishia anakufa.

Basi jaza bidoni ya lita 20 nusu tu, funga, ilaze chini, na uizungushe mzunguko mzima mara tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Watoto wanaweza kupewa kazi hiyo. Mfuko uliojaa nusu nao unafaa, ila uzungushwe kweli, si kuusukuma kwa mguu. Muanze siku ile ile mnayoweka akiba, sababu hii haimgusi aliyekwisha kuingia. Na kwa yule wa bondeni anayebandika mayai, zoezi hili halina faida: mtoto wake anatoboa moja kwa moja toka chini ya yai, haonekani nje hata dakika. Mnaona sasa kwa nini nauliza mdudu anafanana namna gani.

Kwa huyo wa bondeni, na wa kunde, tumieni mafuta. Kijiko kimoja kidogo cha chai, mililita 5, kwa kilo moja ya maharagi. Mafuta ya ngazi yanafaa, ya karanga pia. Changanyeni kwa mikono mpaka kila haragi ling'ae. Mafuta yanaziba yai, lililo ndani halipati hewa. Ni ya maharagi ya kula. Kwa mbegu siyapendi, kwa sababu ikikaa muda na mafuta, kuota kwake kunapungua.

Majivu nayo ni ya wazee wetu na ni kweli yanasaidia, lakini watu wanatia kiganja kimoja mu mfuko mzima kama vile wanatia chumvi kwenye sombe. Majivu yanafanya kazi yakijaza nafasi zote kati ya mbegu na mbegu, mdudu akakosa pa kupita. Kwa kunde, kipimo ni vikombe vitatu vya majivu yaliyochungwa kwa vikombe vinne vya kunde. Ni mengi, najua. Kwa kilo tano za mbegu inawezekana, kwa mifuko kumi hapana. Na wale wanaotumia majani yanayoua samaki mtoni: ndiyo, yana nguvu, lakini kitu kinachoua samaki usikiweke juu ya chakula cha watoto bila kujua kiasi.

Kumkatia hewa

Kama ningeambiwa nichague njia moja tu kwa kila nyumba, ningechagua hii, sababu haiulizi ni mdudu gani. Wote wanapumua.

Bidoni ya njano ya lita 20, iliyooshwa vizuri na kukauka, isiyokuwa na harufu ya petroli, inabeba kilo 15 hivi za maharagi. Hapa ni kinyume cha ile ya kuzungusha: ijaze mpaka mdomoni, itikise, uongeze tena, hewa ibaki kidogo kabisa. Weka kipande cha plastiki chini ya kifuniko, kaza. Wadudu waliomo watamaliza hewa wenyewe. Ikipungua wanaacha kula, wanakauka, wanakufa. Usifungue mbele ya wiki sita. Mama anayefungua kila jumamosi kuangalia kama wamekufa, anawaletea hewa mpya kila jumamosi. Kwa chakula cha kila siku, weka kando bidoni moja ya kula, zile nyingine zibaki na kifungo chake.

Kwa wenye mavuno mengi kuko mifuko ya tabaka tatu, PICS: plastiki mbili nzito ndani, mfuko wa kawaida nje. Ilianza kutengenezwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wa Kameruni. Kila plastiki inafungwa peke yake: unaminya hewa itoke, unasokota mdomo, unaukunja, unaukaza kwa kamba, kiisha ya pili, kiisha mfuko wa nje. Mbele ya kuitumia tena mwaka unaofuata, ijaze hewa na uiminye karibu na shavu. Ukisikia upepo, ina tundu, na plastiki yenye tundu ni mfuko wa kawaida wenye bei kubwa. Panya ndiye adui wake. Iwekeni juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ufagio uweze kupita.

Mahindi na muhogo mkavu

Mdudu wa mahindi tunayemzoea, fukuzi, ana mdomo mrefu mbele kama mkonga wa tembo, mweusi au kahawia, na mgongoni mara nyingi utaona madoa manne ya rangi ya kutu. Jike linatoboa punje, linaweka yai, linaziba tundu kwa kitu kama nta. Ndiyo maana mahindi yanaonekana safi siku unayoyafunga. Tofauti na wa maharagi, fukuzi mzima naye anakula, na anaishi miezi mingi. Anaruka vizuri, anaanza kazi shambani kwenye magunzi ambayo majani yake hayafuniki kichwa. Magunzi hayo yachaguliwe pembeni, yaliwe kwanza.

Yule mwingine nataka mmkamate kichwani. Ni kama kipande kidogo cha kalamu: mviringo mrefu, milimita 3 hadi 4 na nusu, kahawia nzito karibu na nyeusi. Hana mkonga. Kichwa chake kimeinama chini ya kifua, ukiangalia toka juu hukioni, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Kule Tanzania wanamwita dumuzi. Alama yake kubwa ni unga. Fukuzi anaacha matundu na vumbi kiasi. Dumuzi anaacha unga mweupe mwingi, magunzi yanakuwa maganda matupu, na kipande cha muhogo mkavu kinaonekana kizima, ukikishika kinapasuka mkononi.

Huyu si mwenyeji. Alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora, Tanzania, karibu na mwaka 1980, na baadaye Burundi, Zambia na Rwanda. Toka Tabora reli inafika Kigoma, na toka Kigoma ni maji tu. Mdudu hapiti kwa wakubwa wa mpaka. Anasafiri ndani ya mfuko. Kila anayenunua mahindi yanayovuka ziwa au mpaka, ayamwage na kuyachunga nje, mbele ya kuyaingiza mu nyumba.

Dumuzi anapenda mahindi yaliyo bado kwenye gunzi, sababu punje haziyumbi. Basi mkimwona, msitundike magunzi: pukuchueni, kausheni, mfunge kwenye bidoni au mifuko ya tabaka tatu. Lakini mifuko iwe safi bila mdudu mzima, kwa maana meno yake yanaweza kutoboa plastiki. Kwa huyu bidoni na fusti ni bora. Anajificha pia kwenye nguzo na mbao za ghala, kwa hiyo kumwaga mahindi tu haitoshi. Mti uliojaa matundu utolewe, uchomwe. Kwa muhogo, dawa nzuri ni kutoweka akiba kubwa: muhogo unakaa vizuri ardhini, ng'oeni na kukausha wa mwezi mmoja, si wa miezi sita.

Ukikuta kidudu chekundu, bapa, kinakimbia ndani ya unga au chini ya mfuko, usihangaike sana naye. Huyo hana nguvu ya kuvunja punje nzima. Kuwapo kwake kunasema kuna punje zilizovunjika na vumbi. Sageni unga wa siku chache, mchunge punje. Unga uliokwisha kunuka na kugeuka rangi msiupike, hata mkiuchunga.

Na kwa wanaoniuliza juu ya vumbi linaloanguka toka mianzi ya dari: huyo ni ndugu wa mbali wa dumuzi, anatafuta wanga ulio ndani ya mwanzi. Mwanzi ukomae, na uloweke majini wiki kadhaa mbele ya kujenga. Chakula chako hatakigusa kama kimefungwa.

Vile vidonge

Tunajua sote kwa nini watu wanalala na mavuno yao. Wezi wako, na usiku si wa kuamini. Mifuko inakaa chumba kimoja na kitanda, mara nyingine chini ya kitanda cha watoto. Kiisha mtu anaambiwa sokoni: "Chukua hiki kidonge, weka mu mfuko, asubuhi wadudu wote wamekufa." Anayeuza hana etiketi, anavitoa kwenye karatasi.

Kidonge hicho ni fosfidi ya aluminiamu. Wengi wanakijua kwa jina la Phostoxin. Si poda inayokaa juu ya mbegu. Kikikutana na unyevu wa hewa kinageuka gesi, inayoitwa fosfini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi, polepole, siku kwa siku. Gesi hiyo ndiyo inayomuua mdudu ndani ya punje, na inamuua mtu kwa njia ile ile. Inatoka kwenye mfuko wa kufumwa kama moshi unavyotoka kwenye nyasi. Inapita kwenye nyufa za udongo mpaka chumba cha jirani. Ina harufu kama kitunguu saumu au kama samaki aliyeoza, lakini usiitegemee pua: inaweza kudhuru wakati hausikii kitu. Na hospitali hazina dawa ya kuivunja. Daktari anasaidia tu mwili upambane. Kwenye nchi nyingi familia zimekutwa asubuhi zimekufa kwa sababu ya vidonge vilivyowekwa kwenye akiba iliyo chumbani. Watoto ndio wa kwanza.

Vidonge hivyo vina kazi yake: kwenye ghala kubwa iliyofunikwa kwa bashi nzito, siku nyingi, bila mtu kulala humo, kwa mkono wa mtu aliyefunzwa na mwenye kinyago cha gesi. Ndani ya nyumba ya kukaa havina mahali. Si nusu kidonge, si kimoja "kwa mfuko wa mbali", si madirisha yakiwa wazi.

Kama viko nyumbani mwako sasa na havijafunguliwa, vitoe nje ya nyumba, viweke mahali pakavu panapofungwa, mbali na watu na wanyama, umwambie agronomu au komite. Usivimwagie maji hata kidogo: maji ndiyo yanaamsha gesi kwa nguvu, na inaweza kuwaka moto. Kama vilikwisha kuwekwa mu mifuko, watu wote watoke, milango yote ifunguliwe, asilale mtu humo. Mtu akiwa na kichwa kinachouma, kizunguzungu, kutapika, kifua kubana, apelekwe kituo cha afya upesi, na museme wazi: "Kulikuwa na vidonge vya wadudu mu nyumba." Msipolisema, muuguzi ataona malaria, na saa zitapita bure.

Poda ni kitu kingine. Kuko poda za akiba zilizotengenezwa kwa nafaka, kwa mfano Actellic Super, yenye pirimifosi-methili inayompata fukuzi na permethrini inayompata dumuzi. Kipimo chake cha kawaida ni gramu 50 kwa mfuko wa kilo 90, lakini etiketi ndiyo inayoamua, na isipokuwapo etiketi, usinunue. Mnachanganya nje, juu ya bashi, kwa koleo, pua na mdomo vimefunikwa, na mnangoja siku zilizoandikwa mbele ya kula. Dawa ya nyanya, dawa ya ng'ombe, ya mbu, hizo hazigusi chakula. Nimeona mtu ananyunyizia maharagi dawa ya nyanya kwa sababu ilikuwa imebaki. Yale maharagi yalikuwa ya kuuza sokoni, yaani kwako na kwangu.

Siku ya kupokea kwenye depo

Bei ya mwezi wa tisa tunaijua, na ya siku ya mavuno tunaijua. Koperativa inaweka depo ili mwanamemba asiuze kwa hofu ya wadudu. Lakini mfuko mmoja wenye funza ukiingia, mwezi mmoja baadaye ni depo nzima. Basi komite isipime kilo tu. Kila mfuko, chukueni kiganja toka juu, katikati na chini. Chungeni juu ya karatasi nyeupe. Fanyeni jaribio la chumvi. Hesabuni maharagi 100 bila kuchagua, mhesabu yenye tundu, kidirisha au vidoti vya mayai. Mkikuta hata moja, mfuko usirudishwe kwa aibu mbele ya watu. Uende kwenye plastiki mbili za jua, mwenyewe akisaidia, kiisha upimwe tena.

Toka kila lundo, wekeni kiganja kimoja kwenye chupa ya kioo, mdomo ufungwe kwa kitambaa kizito, muandike jina la lundo na tarehe, iwekwe mahali pa joto la jikoni. Mwezi ukipita bila kitu kutembea ndani ya chupa, lundo ni safi. Kikitembea, mnajua mbele ya wengine, na bado kuna muda.

Ghala yenyewe isafishwe mbele ya mavuno kuingia: nyufa zizibwe kwa udongo, mifuko ya zamani ichovywe kwenye maji yanayochemka na kuanikwa, mabaki ya mwaka jana yasichanganywe na mapya, hata kama ni kopo moja.

Na ukikamata kidudu kisichofanana na hawa, zaidi sana kile cha mviringo kinachoacha unga mwingi, usikiponde. Kitie kwenye chupa ndogo kavu, vikiwa vitano au sita ni vizuri zaidi, uandike kwenye karatasi ulikikuta kwenye chakula gani, kijiji gani, na chakula hicho kilinunuliwa wapi. Mpe sekretari wa koperativa yako, nitaichukua nikipita.